Mama wa Nani? Tusi la Dunia Hii katika Michezo ya Ulimwengu wa Kubuni

Mwaka 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ulichapishwa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Mchezo huo ulizaa ukoo mkubwa wa michezo ambayo hapa itaitwa michezo ya uhusika. Watu wachache huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, msimamizi, hueleza nchi ambayo haimo katika ramani yoyote. Wengine kila mmoja hujivika uhusika wa askari, mwizi, kuhani au mchawi, akasema kwa kinywa chake maneno ya mhusika huyo na kutupa dadu ili ijulikane kama tendo lake limefaulu au limeshindikana. Hakuna matini iliyoandikwa, hakuna watazamaji, na mara nyingi hakuna mshindi.

Mkazi wa Lubumbashi hatapata taabu kubwa kulielewa jambo hili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu tamthilia ya Shaba, ameeleza jinsi kundi la Mufwankolo lilivyojenga mchezo mzima kutokana na msemo mmoja juu ya ulaji wa madaraka, waigizaji wakijadiliana na kuyajaribu maneno yao wenyewe hadi maneno hayo yapate umbo. Tofauti ni kwamba kundi la Mufwankolo lilikuwa na hadhira mbele yake, hali wachezaji wa michezo ya uhusika ni waigizaji na hadhira kwa wakati mmoja. Kila neno litokalo kinywani mwa mmoja wao huangukia masikio ya watu ambao nao wamo ndani ya hadithi.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Askari wa kubuni anachomwa mkuki na jitu la kubuni, na mchezaji wake anapiga kelele kwa tusi la mtaani, lile lile linalosikika kituo cha basi. Baadhi ya wenzake hukasirika: ulimwengu uliojengwa kwa saa tatu umevunjika kwa silabi mbili, wamezinduliwa kama mtu aliyemwagiwa maji ndotoni. Wengine hujibu kwamba askari aliyechomwa mkuki hawezi kusema maneno ya kanisani, na kwamba ulimwengu usio na matusi ndio usiosadikika. Ugomvi huu waweza kuonekana mdogo, wa vijana wenye nafasi na meza kubwa. Lakini ndani yake mna swali ambalo mwanaisimu hawezi kulipita: neno lina uraia wa dunia gani? Na kwa Kiswahili swali hilo ni zito kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu msamiati wetu wa hasira umebeba historia, dini na safari za misafara ambazo msemaji hazikumbuki tena.

Kosa la kwanza la pande zote mbili ni kuzungumzia matusi kana kwamba ni kitu kimoja. Kiswahili chenyewe kinatenganisha vizuri. Kuna kiapo, ambacho humwita shahidi aliye juu ya msemaji: wallahi, haki ya Mungu. Kuna laana, ambayo humkabidhi mtu kwa nguvu fulani imdhuru: alaaniwe, aende jahanamu, maluuni mkubwa. Na kuna tusi lenyewe, linalotaja mwili, uchafu wake na tendo la kuzaliana, ambalo kilele chake ni matusi ya nguoni, yaani yale yanayomvua nguo mzazi wa mtu mbele ya watu. Aina hizi tatu hazitegemei dunia kwa namna moja. Kiapo chahitaji Mungu anayejulikana kwa jina. Laana yahitaji mahali pa adhabu au pepo wa kuitekeleza. Tusi la mwili halihitaji kitu ila mwili, na hakuna ulimwengu wa kubuni ambao wakazi wake wanaotembea, wanaokula na kupigana hawana mwili.

Kwa mantiki tupu, basi, mambo yangepaswa kuwa kinyume cha yalivyo. Mchezaji anayesema “mavi” katika nchi ya majitu hajaleta kitu kigeni; majitu nayo huenda chooni. Anayesema “haki ya Mungu” katika nchi yenye miungu kumi na miwili ameingiza mezani dini nzima isiyokuwamo. Anayesema “mwanaharamu” ameingiza sheria ya ndoa, halali na haramu, na nyuma yake kadhi anayeamua. Hata “mshenzi”, neno ambalo walimu wengi wangeliruhusu darasani kuliko “mavi”, limebeba ramani: lilikuwa neno la watu wa pwani kwa watu wa bara, na misafara ililifikisha hadi Manyema, likitajwa kwa mababu wa wengi wanaolitumia leo bila kushtuka. Anayelitamka katika ulimwengu usio na pwani wala bara ameutia ulimwengu huo bandari, forodha na biashara ya pembe. Lakini ni nadra kusikia mtu akilalamika kwamba “mshenzi” limemtoa katika hadithi. Malalamiko huelekezwa kwa “mavi”.

Maana yake ni kwamba wengi wa wanaolalamika kuwa ulimwengu umevunjika hawasemi habari za ulimwengu hata kidogo. Wanasema habari za adabu. Kilichovunjika ni heshima ya meza, nao wameivika kilio chao vazi la nadharia. Si dhambi kutetea heshima ya meza. Ni kosa tu kuiita kwa jina lisilo lake, kwa kuwa dawa ya kila ugonjwa ni tofauti.

Hata hivyo mantiki tupu haitoshi. Katika tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, aliyeuawa mwaka 44 K.K., Mrumi Casca hutumia neno dogo la mshangao ambalo asili yake ni kuapa kwa jina la Bikira Maria. Maria alikuwa hajazaliwa. Hakuna msomaji aliyekifunga kitabu kwa sababu hiyo, na Julius Nyerere, aliyeitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963 na kutoa toleo lililosahihishwa mwaka 1969, alikuwa na matatizo makubwa kuliko hilo. Neno lile lilikuwa limekwisha kuchakaa. Asili yake haikusikika tena katika sikio la mwenye lugha, kama asili ya Kiarabu isivyosikika tena katika “maskini” au “salama”. Kanuni inayotoka hapa si kwamba neno lisitoke dunia hii, kwa kuwa maneno yote hutoka dunia hii, bali ni kuuliza kama utoko wake ungali ukisikika. “Wallahi” lingali likisikika. “Shetani”, kwa Wakristo wa Katanga na wa Kivu, karibu limekwisha kuwa la watu wote. “Mwanaharamu” liko katikati ya njia, na ndilo gumu kuliko yote.

Sheria nazo hufuata sikio la wakati wake. Mwaka 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomtoza faini ya pauni 10 yeyote atakayelitaja kwa mzaha jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu katika mchezo wa jukwaani. Uchafu wa mwili haukuguswa. Anayelinganisha Othello iliyochapishwa mwaka 1622 na ile ya mwaka 1623 ataona jinsi viapo kadhaa vilivyofutwa huku mzaha wa kitandani ukiachwa usimame. Watu wa karne ile wangeshangaa kusikia kwamba wajukuu wao wanaona haya kwa lile lililoachwa na hawaoni kitu katika lile lililofutwa.

Watungaji wa michezo walijaribu njia ya kukwepa. Kampuni ya TSR, iliyomiliki Dungeons & Dragons hadi ilipouzwa mwaka 1997, ilijiwekea kanuni za maadili zilizokataza lugha chafu katika vitabu vyake. Mwaka 1994 kampuni hiyo ilitoa nchi mpya ya kuchezea iitwayo Planescape, iliyotungwa na David Cook, na wakazi wa mji wake mkuu walipewa msimu wao, uliochotwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya wezi na walalahoi wa Uingereza ya zamani. Kazi ilikuwa nzuri: msomaji alisikia mji wenye vichochoro. Lakini ndani ya msimu ule mlikuwa na neno “berk”, lenye maana ya mjinga, lililotawanywa ovyo katika kurasa za vitabu vilivyouzwa kwa vijana. Asili ya “berk” ni fumbo la mtaani la London, ambalo ukilifumbua unakutana na tusi zito kabisa la mwili wa mwanamke. Kanuni za maadili zikapitwa mlangoni na tusi lililovaa kanzu, na hakuna aliyelitambua, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kuchakaa kama kiapo cha Casca. Mfano huu una thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Njia nyingine ni kuliunda neno upya. Katika tamthilia ya televisheni ya Battlestar Galactica, ya mwaka 1978 na hasa iliyotengenezwa upya kuanzia mwaka 2003, mabaharia wa anga hutumia neno la kubuni “frak” kila mahali ambapo Mmarekani wa leo angetumia tusi lake kuu. Sarufi yake ni ile ile na mahali pake katika sentensi ni pale pale. Herufi tu zimebadilishwa. Wako walioliona kuwa ubunifu. Ukweli ni kwamba kinyago chembamba namna hii huvuta jicho kwenye uso kinaoufunika: kila mara neno linapotamkwa, msikilizaji hufanya tafsiri kichwani, na kutafsiri ni kutoka nje ya hadithi. Hii ni tafsida, nayo Kiswahili kina tafsida tele. Daktari husema haja kubwa, mwalimu husema sehemu za siri, na hakuna ubaya. Lakini askari aliyekatwa mkono na zimwi kisha akalia “Haja kubwa!” hatamtisha mtu, meza nzima itacheka, na kicheko hicho kitaivunja njozi kuliko tusi lolote.

Aliyeyafikiri mambo haya kwa kina mapema zaidi ni J. R. R. Tolkien, naye alikuwa mwanafilolojia kabla ya kuwa mtunzi. Katika nyongeza ya mwisho ya riwaya yake kubwa ya mwaka 1954 na 1955 anadai kwamba kitabu kizima ni tafsiri: wahusika hawakusema Kiingereza, walisema lugha yao, naye ameihamisha tu. Huko huko anaeleza kwamba usemi wa maadui wabaya ulikuwa mchafu kuliko alivyouonyesha. Ni dai la mtu mwerevu, maana linampa uhuru wa pande mbili. Uchafu upo, lakini mfasiri ameupunguza kwa ajili ya msomaji. Na mahali pamoja, katika juzuu la pili, amemwacha mmoja wao atukane kwa lugha yake mwenyewe bila tafsiri yoyote. Msomaji haelewi neno hata moja, lakini hana shaka kwamba ni tusi, kwa sauti zake na kwa mahali lilipowekwa. Baadaye Tolkien mwenyewe aliacha tafsiri zisizolingana za maneno yale, jambo linaloonyesha kwamba nguvu ya tusi haikuwa katika maana yake.

Dai hilo la tafsiri likikubaliwa, hoja ya wapinzani wa matusi hupoteza nusu ya uzito wake. Iwapo “nipe maji” ya askari ni tafsiri kutoka lugha ya nchi isiyokuwako, kwa nini tusi lake pekee lisiwe tafsiri? Mfasiri huhamisha nguvu, si herufi. David Milch, mtunzi wa tamthilia ya televisheni Deadwood ya mwaka 2004 hadi 2006, alikabili jambo hili katika mji wa wachimba dhahabu wa miaka ya 1870. Matusi makali ya wakati ule yalikuwa ya kukufuru dini, nayo yangesikika leo kama maneno ya babu mpole. Akaweka mahali pake matusi ya mwili ya siku hizi, mengi kupita kiasi. Kihistoria amekosea, na sikio limemsamehe, kwa sababu hofu iliyokusudiwa imefika. Njia ya Kipolandi ni ya kupendeza zaidi. Andrzej Sapkowski aliandika hadithi zake za mwindaji wa mazimwi, kuanzia mwaka 1986, kwa Kipolandi kisichoogopa matusi ya leo. Hadithi hizo zilipogeuzwa kuwa michezo ya kompyuta kuanzia mwaka 2007, matoleo ya Kiingereza yaliyofuata yalichukua kitenzi cha kulima shamba kwa plau na kukifanya tusi, bila kuyaacha kabisa yale ya kawaida. Shamba lipo katika nchi ile, plau ipo, na msikilizaji hahitaji kufundishwa. Hapo neno limeota katika udongo wa nchi yenyewe.

Lakini vitabu, sinema na kompyuta vina kitu ambacho meza haina, nacho ni ukingo. Mchezo wa Baldur’s Gate 3 wa mwaka 2023 una matusi ya dunia hii pamoja na viapo vya miungu yake yenyewe, na mchezaji hana shaka ni nani aliyetukana, kwa kuwa sauti inatoka kwa mhusika. Mezani kinywa ni kimoja. Mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyekaa na wachezaji wa Minnesota na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1983, alichukua nadharia ya Erving Goffman ya mwaka 1974 na kuonyesha kwamba kila aketiye pale ni watu watatu: mtu wa kawaida mwenye kazi na jamaa, mchezaji anayejua kanuni na kuhesabu dadu, na mhusika aishiye katika nchi ya kubuni. Msemaji huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja, na wenzake humfuata bila taabu, ila pale alama za kuruka zinapokosekana.

Tusi ni neno lisilo na alama. Dadu ya pande 20 inaangukia 1, na mtu anatukana. Nani ametukana? Mchezaji aliyeudhiwa na dadu, au askari ambaye upanga wake umevunjika? “Namkata kwa upanga” lina nafsi, wakati na mtendwa. Laweza kuwekwa katika ngazi yake. Tusi ni mlio mtupu, halina kiambishi cha nafsi wala cha wakati, na kwa hiyo haliwezi kusema limetoka kwa nani. Hili ndilo jibu lililo karibu zaidi na ukweli: tusi la dunia hii mara nyingi halivunji ulimwengu, huvunja ngazi. Huwaacha wasikilizaji wakining’inia kati ya askari na jirani yao. Na ndiyo sababu tusi hilo hilo, likisemwa kwa sauti ya mhusika, likielekezwa kwa mhusika mwingine kwa jina lake, kwa jambo la hadithi, humezwa bila kelele. Anayetaka ushahidi na azilinganishe nyakati mbili za usiku mmoja mezani: tusi analorushiwa adui, na tusi linalorushiwa dadu.

Sasa inafaa kulileta swali nyumbani, kwa matusi ya nguoni. Huku tusi kubwa si la mwili wa anayetukanwa. Ni la mama yake. Mhusika wa kubuni, aghalabu, hana mama. Mchezaji amemwandikia nguvu, silaha na idadi ya vipande vya dhahabu, wala hakuna aliyefikiri kuandika nani alimzaa. Mwenzake akimtajia mama, hata kwa sauti ya mhusika, hata ndani ya hadithi, neno hilo hutafuta mahali pa kutua na halipati katika nchi ile. Linavuka meza na kutua kwa mama aliye hai, au aliyezikwa mwaka jana. Hakuna tafsiri inayoweza kulizuia, na wala si suala la Kiswahili sanifu au kisicho sanifu. Wachezaji wa Marekani walilijua jambo linalofanana na hili kwa njia yao: mwaka 2013 John Stavropoulos alipendekeza kadi yenye herufi X iwekwe mezani, na yeyote anayeguswa mahali pabaya aiguse, hadithi igeuzwe bila kuulizwa sababu. Wako waliocheka. Hawakucheka waliowahi kutajiwa mama.

Jamii zetu zilikuwa na chombo kikubwa kuliko kadi, nacho ni utani. A. R. Radcliffe-Brown aliuandikia mwaka 1940 kama uhusiano ambamo mmoja ana ruhusa, na mwingine ana wajibu wa kutokasirika. Katika miji ya shaba ya upande wa pili wa mpaka, J. Clyde Mitchell alichunguza ngoma ya kalela, akachapisha utafiti wake mwaka 1956: Wabisa wakijisifu na kuyadhihaki makabila mengine hadharani, na hao wanaodhihakiwa wakitazama na kucheka. Watani huvumiliana hata msibani. Yaonekana kana kwamba meza ya mchezo ni utani mdogo, na kulinganisha huko kuna ukweli. Hata hivyo utani hurithiwa. Mtu huzaliwa akijua nani mtani wake na mpaka uko wapi, na watoto huufundishwa kwa kuusikia. Meza huundwa Jumamosi saa kumi na kuvunjwa saa nne usiku. Inadai ruhusa ya mtani bila kuwa imelipa gharama za ujamaa, na hapo ndipo wengi huumizwa.

Katika michezo yote hii ipo mmoja ambao mtungaji wake aliuona mlango mwingine. M. A. R. Barker, profesa wa Kiurdu katika Chuo Kikuu cha Minnesota na mtaalamu wa lugha ya Waklamath, alitoa mwaka 1975 Empire of the Petal Throne, mchezo wa nchi ya Tékumel, akiwa ameiundia nchi hiyo lugha kamili, Kitsolyáni. Nafsi ya pili ya lugha hiyo si moja. Ina maumbo mengi sana, kila umbo kwa cheo na uhusiano wake, na kumwita mtu kwa umbo lililo chini ya hadhi yake ni tusi linaloweza kuleta kisasi. Hapana uchafu hata chembe, lakini damu yaweza kumwagika. Mtu wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa hili. Anajua kiambishi ba- kinavyowekwa mbele ya jina la mtu mmoja kwa heshima, na anajua nini hutokea chumbani siku kiambishi hicho kinapoachwa makusudi mbele ya baba mkwe. Pwani nao wana vijembe na mipasho: tusi linalosemwa kwa maneno ambayo hakuna hakimu angeyakuta na kosa, na anayelengwa hulala njaa kwa hasira.

Utajiri huo haujatumika ipasavyo katika Kiswahili cha kubuni, na sababu moja ni woga. Kiswahili cha vitabuni kilisafishwa shuleni na misheni, hivi kwamba mhusika akikasirika katika kitabu anasema kama shemasi. Mtaani Lubumbashi, mwenye hasira kali aghalabu huhamia Kifaransa au Kilingala kwa neno moja, akasema “imbesile” kisha akarudi katika Kiswahili kumaliza sentensi. Mtunzi au msimamizi wa mchezo anayetaka ulimwengu wake usikike kwa Kiswahili yuko kati ya moto na maji. Akitumia “imbesile”, ameuleta utawala wa Wabelgiji katika nchi ya majitu. Akitumia Kiswahili sanifu kitupu, msikilizaji wa hapa haamini kwamba mtu huyo amekasirika. Njia iliyobaki ni ya kazi ngumu: kumwachia mhusika atukane kwa vitu vya nchi yake, kwa mito yake, mifugo yake, deni zake na wafu wake, kwa sarufi ambayo wasemaji wanaifahamu.

Shaaban Robert alifanya jambo lililo jirani na hilo mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, na mshitaki wake huitwa Majivuno, mshitakiwa Karama. Kila wanapotajwa, hukumu imekwisha tolewa kwa lugha safi kabisa. Tusi limehamishiwa katika jina, na halitoki hata wahusika wanapoheshimiana. Ni werevu, ingawa si kila mtungaji atakayefaa kuuiga: majina ya namna hiyo humfunga mhusika tabia moja tangu ukurasa wa kwanza, na mchezo wa uhusika huishi kwa wahusika kubadilika.

Neno “mwanaharamu” ndilo litakalomsumbua mfasiri wa kwanza atakayezigusa kwa Kiswahili hadithi za nchi ya Westeros, alizoanza kuzitoa George R. R. Martin mwaka 1996. Huko mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa katika ukoo mkubwa hupewa jina la ukoo kufuatana na jimbo lake, na upande wa kaskazini jina hilo ni theluji. Neno la kumwita ni tusi likisemwa na adui, na ni maelezo ya kawaida tu likisemwa na karani. “Mwanaharamu” litampa adui nguvu anayoihitaji, lakini litamleta kadhi katika nchi isiyo na Kurani. “Mtoto wa nje ya ndoa” litamfaa karani, na adui atasikika kama mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mfasiri akiliacha tusi lenyewe na kumwachia adui amwite kijana huyo “Theluji”, kwa sauti ya kumdharau, mbele ya watu, huku akiacha heshima zote nyingine zinazompasa mtoto wa bwana, wasikilizaji wa Lubumbashi watajua kwamba ametukanwa.